Usiku Tatu za Sakitu

Kwingine watu huomba jua, huomba mvua.
Sisi wa uwanda wa juu, ng'ambo ya Oruro,
mwezi wa sita tunaomba baridi:
ile yenye meno,
inayogandisha maji ndooni na chozi kwenye kope.
Ndiyo mpishi wetu, hataki kuni.

Tulivitandaza Jumatatu, vile vidogo vichungu
ambavyo vikiwa vibichi hata lama huvitema,
kimoja kimoja juu ya nyasi kavu,
mama mkwe wangu Eulogia akivipanga kwa vidole
kama anayelaza watoto.
"Usiku tatu," alisema.
"Asubuhi ukivigonganisha, vilie kama mawe."

Usiku wa kwanza mawingu yakaja kutoka mashariki,
mazito, vuguvugu, blanketi la mgonjwa.
Nilikuwa nimeacha sahani ya maji mlangoni.
Alfajiri nikaichovya kidole.
Maji.
Maji tu, yakitikisika, yakinicheka.

Usiku wa pili mume wangu, Wenceslao, alilala nje
bila kofia, apate kuwa wa kwanza kusikia masikio yakiuma.
Aliamka amepumzika vizuri. Hakuna aliyempongeza.

Usiku wa tatu, mvua.
Tuliililia Desemba, ikatupa kisogo;
sasa imekuja na matope yake miguuni,
mgeni aliyekosa harusi
akafika matangani akiulizia ngoma.

Siku ya tano, harufu.

Mama Eulogia alivua viatu hata hivyo.
Akapandisha sketi, akaingia katikati, akakanyaga
kama anavyokanyaga tangu ana miaka sita.
Kiazi kilichoshikwa na sakitu hutoa maji safi,
ganda huteleza, unyayo ukagusa moyo mgumu.
Hivi vilitoa ute mweusi, ukapanda kati ya vidole.
Akaendelea kukanyaga.
Tulitazama pembeni, kila mtu na upande wake.

*

Gunia moja lilikuwa la kubadilishana
na mahindi ya watu wa mabondeni.
Nusu gunia, la deni la dukani.
Mawili, ya kula Novemba hadi Machi,
miezi ambayo viazi vipya bado ni maua,
na ua, hata liwe zuri vipi, haliingii chunguni.

Akiba haiozi, watu husema.
Waje wanuse.

Nayra, bintiye wifi yangu, ana miaka tisa.
"Si tuvipeleke kwenye friza ya Don Hilarión,
ile anayouzia aiskrimu?"
Wenceslao akacheka.
Kisha akaacha kucheka, akatafuta kalamu.
Friza, ndoo nne. Ndoo nne, siku tatu.
Umeme, nauli ya lori,
na aiskrimu ya Hilarión ikae wapi?
Aliandika mpaka karatasi ikaisha,
akaikunja mara nne, akaitia mfukoni
kama barua ya mtu aliyekufa.

Stoo limebaki gunia la mwaka aliofariki baba mkwe,
vyeusi, vyepesi, vikavu kama kokoto.
Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali,
kaburi lilichimbwa kwa sururu siku mbili.
Tunaila baridi ile sasa, vijiko vitatu kila mtu,
na kila supu ina ladha ya msiba ule.

*

Julai kumi na nane, ikaja.
Haikubisha hodi. Tuliamka uwanja ni mweupe,
uwanja mtupu, umesafishwa, hauna hata ganda.
Sahani niliyoisahau mlangoni ilikuwa imeganda.
Nayra akaing'oa barafu nzima, duara,
akaiinua machoni akachungulia jua.
"Shangazi, njoo uone!"

Mama Eulogia hakuja kuona.
Aliingia stoo, akatoka na kikapu
cha viazi vya mbegu, vya Oktoba.
Akasimama nacho juu ya sakitu, peku,
akitazama kikapu, akitazama anga,
anga tupu, bila wingu.

Usiku tatu, midomo yake ilikuwa ikisema.
Au alikuwa anavihesabu.